Mfarishi Uliopigwa Picha Kabla ya Kufuliwa

Mfarishi wa viraka ulitoka kwa fundi ukiwa mzuri kweli. Ukatandikwa, ukapigwa picha, picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla ya wiki kwisha maoda matatu yakawa yameingia. Siku ya kumi na mbili mwenye mfarishi akaufua. Alipouanua, viraka vyeupe vya upande wa miguuni vilikuwa vya waridi, katikati kulikuwa na mabonge kama ya mto uliochoka, kingo zilijikunja, na mishono mitano ilikuwa wazi. "Fundi, ndicho ulichonishonea hiki?" Hayo tu ndiyo aliyoandika, na picha nne chini yake.

Karakana yenyewe ni ndogo, iko Dar es Salaam: mafundi wawili, cherehani mbili za miguu, riziki ya kila siku inatoka kwenye magauni na sare za shule. Mfarishi ulikuwa kazi ya pembeni, njia ya kupunguza gunia la mabaki lililojaa chini ya meza ya kukatia. Lawama ya kwanza ilikwenda kwa sabuni ya mteja, ya pili kwa "vitenge vya siku hizi". Zote mbili zina chembe ya ukweli. Lakini mfarishi ulipofumuliwa pindo na kupimwa mstari kwa mstari, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya kilichoharibikia kwenye beseni ilikuwa imeshaharibikia kwenye gunia, kabla mkasi haujashikwa.

Mchoro na hesabu yake

Mchoro haukuwa na kosa. Kitanda ni cha 5 kwa 6, yaani inchi 60 kwa 72, na mfarishi ulipangwa uwe inchi 80 kwa 90: inchi 10 zinaning'inia kila ubavu, 18 zinashuka miguuni. Viraka ni miraba ya inchi 5, 16 kwa upana na 18 kwa urefu, jumla 288. Vya rangi ni 160, vya bafta nyeupe 128. Havikupishana kama ubao wa drafti. Rangi nzito, nyekundu iliyoiva, buluu na kijani, zilijazana miguuni, kisha zikaachwa zipungue taratibu kuelekea kichwani mpaka ikabaki nyeupe yenye kiraka kimoja kimoja cha manjano. Weupe huo mwingi ndio unaoufanya mfarishi uonekane wa kisasa, maana jicho linapata pa kupumzika na kitenge chenye maua makubwa hakigombani na jirani yake. Ndio pia usiosamehe. Kwenye mfarishi uliojaa rangi tupu, doa la waridi lingemezwa.

Kila kiraka kilikatwa inchi 5½ ili robo inchi iingie kwenye mshono kila upande. Kwa anayenunua kitambaa badala ya kuokota mabaki, hesabu ni hii: kitenge chenye upana wa inchi 44 au 45 kinatoa viraka 8 kwa upana, na yadi moja inatoa safu 6, hivyo viraka 48. Viraka 160 vinakula yadi 3 na theluthi. Vyeupe 128, kwa bafta ya upana huohuo, vinakula yadi 2 na theluthi mbili, nunua 3. Kitambaa cha nyuma kinapaswa kuzidi uso kwa inchi 4 kila upande, kwa hiyo kiwe 88 kwa 98. Merikani ya upana wa inchi 60 inakatwa mapande mawili ya inchi 93, yanafuliwa, kisha yanaunganishwa ubavu kwa ubavu. Yadi 5½ zinatosha. Inchi 5 za ziada kwa kila pande si uchoyo wa muuza duka, ni zile ambazo maji yatazila.

Karakana ilinunua yadi 5 na kuitumia merikani ilivyotoka dukani. Merikani inabeba asili yake kwenye jina: ni kitambaa kilichofika Zanzibar karne ya 19 kwa meli za Salem, Massachusetts, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara hiyo. Unachouziwa leo kwa jina hilo mara nyingi kimekazwa kwa wanga, na kabla ya kukifua huwezi kujua chini ya wanga kuna nini.

Gunia

Ndani ya gunia mlikuwa na mambo manne yaliyofanana kwa macho: kitenge cha pamba, kitenge cha polista, kanga, na vipande vya bitana ya kuteleza iliyobaki kwenye magauni. Vyote vilipigwa pasi, vikakatwa kwa kigezo kimoja cha kadibodi, vikapangwa kwa rangi. Hakuna aliyevipanga kwa asili ya uzi.

Kwa kushika tu huwezi kuvitenganisha, kwa sababu wanga hufanya hata polista ijifanye pamba. Njia ya uhakika ni kiberiti. Chomoa nyuzi mbili, mmoja wa kwenda urefu na mmoja wa kwenda upana, kwa kuwa kuna vitambaa ambavyo nyuzi za upande mmoja ni pamba na za upande wa pili sivyo. Ushike kila uzi kwa kibano juu ya sahani ya bati na uuwashe. Pamba inashika moto mara moja, inanuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake la kijivu likiguswa linapukutika. Polista inajikunja kana kwamba inaukimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki, na ikipoa inaacha tone gumu ambalo kucha hailivunji. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko. Kazi nzima ni dakika moja kwa kila kitambaa. Viraka vilipokaguliwa hivyo baada ya ajali, 38 kati ya vile 160 vya rangi vilikuwa polista, na 6 vilikuwa bitana.

Tatizo si kwamba polista ni mbaya. Mfarishi wa polista tupu unaweza kudumu miaka. Tatizo ni ndoa. Pamba isiyowahi kufuliwa husinyaa, na asilimia 3 hadi 5 si jambo la ajabu. Polista karibu haisogei. Kwenye kiraka cha inchi 5, asilimia 4 ni kama milimita 5, kitu kidogo usichokiona. Lakini kiraka cha polista kikizungukwa na vinne vya pamba vilivyorudi ndani, hakina pa kwenda isipokuwa juu, kikavimba kama andazi. Sasa weka nyuma yake merikani ya inchi 80 inayosinyaa kwa asilimia 5: inchi 4 zinavutwa kutoka nyuma, uso unabaki na kitambaa kisicho na mahali pa kukaa. Kingo zilizojikunja zilitokana na hapo, si na mkono wa aliyefua.

Kujua kitambaa chako kinarudi kiasi gani hakuhitaji kitabu. Kata mraba wa inchi 10 kwa 10, ufue kwa maji ya moto, uanike, upige pasi, upime. Kila sehemu moja ya kumi ya inchi iliyopotea ni asilimia moja. Pima pande zote mbili, maana vitambaa vingi hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana.

Kuhusu rangi, nyekundu iliyoiva, buluu nzito na nyeusi ndizo za kushukiwa kwanza. Tia kipande kwenye bakuli jeupe lenye maji ya moto na sabuni kidogo, kiache nusu saa, halafu kitoe na ukilaze kikiwa kimelowa juu ya bafta nyeupe mpaka kikauke. Wengi huangalia maji tu. Maji yanaweza kuwa na wekundu mwepesi na bafta ikabaki safi. Maji yanaweza kuonekana safi na bafta ikapata kivuli. Kivuli kwenye bafta ndicho kinachohukumu. Na ile dawa ya mtaani ya kuloweka kitambaa kwenye chumvi au siki "ili rangi ishike" haifungi rangi ya pamba iliyokwisha kutiwa kiwandani. Chumvi ina kazi yake ndani ya sufuria ya kutia rangi. Kwenye kitambaa kilichouzwa imechelewa. Kinachosaidia ni kufua na kusuuza mpaka ziada yote itoke, na kitambaa kisichoacha kutoa rangi baada ya maji ya nne au ya tano kisikae karibu na nyeupe.

Mabaki madogo yanasumbua kufua kwa sababu yanachanika nyuzi na kufungana kama dodoki. Kata ncha za pembe kidogo, yatie ndani ya foronya kuukuu kwa makundi ya rangi, funga mdomo, fua foronya nzima.

Kuna kiraka kimoja ambacho hakihusiani na maji lakini hakiwezi kupita bila kutajwa. Kilikatwa kwenye kanga, mahali pa jina, na kigezo cha kadibodi kikaangukia herufi sita: HASIDI. Kikashonwa upande anaolala mume. Kanga ina pindo, mji na jina, na mkasi ukipita kwenye jina lazima uangaliwe unabakiza nini.

Robo inchi mbili

Safu 10 zilishonwa kwenye cherehani ya kwanza na safu 8 kwenye ya pili. Mafundi wote wawili walifuata ukingo wa mguu wa cherehani, kama wanavyofanya kwenye sare. Mguu wa kwanza ulitoa robo inchi. Wa pili ulitoa 5/16, yaani umezidi kwa 1/16 tu.

Kwenye gauni hiyo si habari. Kwenye safu ya viraka 16 kuna mishono 15, na kila mshono unakula pande mbili. Safu ya cherehani ya kwanza ilitoka inchi 80½ kabla ya pindo. Ya pili ilitoka inchi 78 na 5/8. Tofauti inakaribia inchi 2 kamili. Ili zikutane, safu fupi zilivutwa na ndefu zikalegezwa chini ya mguu, na pasi ikaficha mengine. Pasi hufanya kitambaa kilichovutwa kitii kwa siku chache. Maji yanakirudisha kilikotoka.

Kipimo cha kufanya kabla ya kuanza: kata vipande vitatu vyembamba vya upana wa inchi 1½, vishone ubavu kwa ubavu, vipige pasi. Cha katikati kinapaswa kubaki inchi 1 barabara. Kikibaki 7/8, mshono wako umekula 1/16 zaidi kila upande. Cherehani haina haja ya kubadilishwa mguu. Bandika vipande vya plasta vitatu au vinne, kimoja juu ya kingine, kwenye bati lililo chini ya sindano, umbali wa robo inchi kutoka sindano inaposhuka, na kitambaa kiteleze kikiegemea ukuta huo mdogo. Wenye mikono mizoefu huweka robo inchi pungufu kwa unene wa uzi mmoja, kwa sababu mkunjo wa mshono nao hula kidogo. Mafundi wawili wakishirikiana, kila mmoja apime chake, na ikiwezekana mmoja akate na kupiga pasi, mwingine ashone zote.

Mishono mitano iliyofunguka yote iligusa kiraka cha bitana. Bitana hufumuka yenyewe, na robo inchi haitoshi kuizuia. Juu ya hapo hatua ya cherehani ilikuwa ndefu: ukihesabu, mishono 7 kwa inchi, wakati viraka vinataka 10 hadi 12. Uzi ulikuwa mzuri na sindano namba 14 ilifaa. Bitana haikufaa tangu mwanzo, wala hakuna ufundi wa kuishona utakaoifanya ifae.

Pasi nayo ilitumika vibaya, iliburutwa. Kwa viraka pasi inabonyezwa na kuinuliwa. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kulia, ya pili kushoto, hivyohivyo mpaka mwisho. Safu mbili zikikutanishwa, mikunjo inashikana yenyewe kwenye kila njia panda na pembe zinalingana hata bila pini nyingi. Penye kiraka cheupe na cha rangi, laza upande wa rangi pale inapowezekana, isije nyekundu ikaonekana chini ya bafta.

Tabaka la kati

Hapa ndipo kosa kubwa lilipokuwa, na lilikuwa la kununua. Ilinunuliwa faiba ya kujazia mito, ile ya kuuzwa kwa kilo, ikatandazwa kwa mkono juu ya merikani, uso ukalazwa juu, na matabaka matatu yakashonwa kwa mistari iliyoachana inchi 10. Faiba ya mito ni nyuzi zilizo huru. Ndani ya mto zinabanwa na foronya iliyoshiba. Ndani ya mfarishi zina uwanja wa inchi 10 wa kuchezea, na zikilowa zinakuwa nzito, zinateremka, zinajiviringisha. Ule mfarishi ukiushika dhidi ya mwanga wa dirisha ungeona wingu hapa, utupu pale.

Palipo na joto, tabaka la kati halihitaji kuwa nene hata kidogo. Blanketi jembamba la flisi linafaa sana: ni kipande kimoja, halisinyai, halitoi nyuzi, na linavumilia mistari iliyoachana hata inchi 5. Flaneli ya pamba ni nzuri zaidi mwilini, ila ifuliwe kwanza. Shuka kuukuu iliyofuliwa miaka inatosha kwa anayelala bila feni. Faiba ya mito, kama hakuna lingine, itataka mistari kila inchi 2 au 3, na kwa kazi hiyo yote ni afadhali kununua blanketi.

Wasiddi wa Karnataka, kusini magharibi mwa India, ambao mababu zao walipelekwa huko kutoka Afrika, wana mifarishi yao iitwayo kawandi, na pamba ya kujazia si lazima kwao. Wanawake wanaweka viraka juu ya kitambaa cha nyuma kuanzia kingo kuelekea katikati, na kuvishika kwa mishono ya mkono, msitari baada ya msitari, karibu karibu. Hakuna kinachoweza kuhama mahali pake. Ukiona cherehani ya miguu inakushinda kupitisha mzigo wa matabaka matatu, sindano ya mkono na uzi mnene si kushuka daraja.

Kwa cherehani, utaratibu ni kutandika merikani sakafuni uso chini na kuikaza kwa plasta bila kuivuta, kisha tabaka la kati, kisha uso. Tumia pini za nepi, kila baada ya upana wa ngumi, takriban inchi 4. Viringisha pande zote mbili kama jamvi ili katikati pekee pabaki wazi, anzia mstari wa kati, halafu mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukianzia pembeni utausukuma ulegevu wote uende upande wa pili na kuishia na mkunjo uliokanyagwa na sindano. Legeza kidogo kibano cha mguu, na hatua iwe ndefu, mishono 8 kwa inchi.

Pindo halina makuu. Mzunguko kabla ya pindo, inchi 80½ kwa 90½, ni inchi 342. Vipande 9 vya inchi 2½ vilivyokatwa kwa upana wa kitenge vinatosha: ni inchi 22½ za kitambaa, nunua robo tatu ya yadi. Kukata mshazari si lazima kwa kingo zilizonyooka, ni kupoteza kitambaa.

Kuuokoa

Bahati ilikuwa moja: mteja hakuwa ameupiga pasi. Kosa lake, na ndilo pekee, lilikuwa kuukandamiza mfarishi mzima kwenye beseni moja lenye maji kidogo ya baridi na kuuacha usiku kucha. Rangi iliyotoka haikuwa na pa kwenda ila kwenye bafta. Ulirudishwa majini kwenye pipa lililosafishwa, kwa maji mengi ya moto kadiri mkono ulivyoweza kuvumilia na sabuni ya maji ya kutosha, ukiwa umezama wote bila kipande kuelea juu, ukageuzwa kila saa, maji yakabadilishwa mara nne. Maji mengi na sabuni hubaki na rangi, yasiiache itulie upya kwenye kitambaa. Klorini ilikataliwa: ingekula rangi za vitenge na kuchosha nyuzi za pamba kabla ya kulimaliza doa.

Waridi ulitoka kwenye viraka vingi. Tisa vilibaki na kivuli.

Baada ya hapo pindo na mistari vilifumuliwa, faiba ikatupwa, merikani ikafuliwa kwa maji ya moto kisha ikaongezwa utepe wa bafta pale ilipopungua. Uso ulitenganishwa kwenye mishono ya safu tu, si kiraka kwa kiraka. Safu zile 8 fupi zilishonwa kila moja kiraka chembamba cheupe mwishoni, na upana wake ukapimwa safu kwa safu. Kwenye mchoro wenye weupe mwingi hakuna atakayejua. Viraka 6 vya bitana vilibadilishwa, pamoja na vile 9 vyenye kivuli. Polista 38 ziliachwa, kwa kuwa pamba iliyozizunguka ilikuwa imeshasinyaa mara moja na haitasinyaa tena sana; mistari mipya iliyoachana inchi 5, ikipita katikati ya kila kiraka juu ya blanketi la flisi, ililaza mavimbe mengi. HASIDI aliondoka pia, ingawa hakuna aliyelalamika.

Picha ya pili ilipigwa baada ya kufua tena, mfarishi ukiwa kwenye kamba, mwanga ukitoka pembeni ili mawimbi yaonekane kama yapo, na nyuma yake ikaonyeshwa. Chini yake paliandikwa vipimo, aina za vitambaa, tabaka la kati ni nini na ufuliwe vipi. Haikuvutia macho kama ile ya kwanza.

Maoda matatu yaliyokuwa yakisubiri yalianzia kwenye foronya. Viraka vyekundu vilifungwa ndani, vikafuliwa kwa maji ya moto, na maji ya tano bado yalikuwa ya waridi. Vikatolewa, vikaenda kuwa matambara ya kupigia deki.